Kupunguza Joto Katika Chumba Kifupi cha Mabati
Mabati huzuia mvua, lakini hayazuii joto la jua. Na chumba kikiwa kifupi, mtoto alalaye humo mchana hupata taabu. Usitie dari chini ya paa, maana utapoteza kimo kilichobaki. Yafaa uongeze kivuli juu.

Kwanza ziba matundu yote ya mabati. Kisha inua uchanja wa fito juu yake, uufunge kwa waya kwenye ncha za boriti, upepo usije ukaung'oa. Juu ya fito ezeka makuti. Kati ya makuti na mabati acha nafasi ya shubiri moja, iliyo wazi juu na chini, ili hewa ya moto ipate kutoka. Makuti yaliyolowa yakigusa bati huleta kutu.

Tena jiko liwe mbali: cheche moja yatosha kuteketeza nyumba.