Kuweka Kipimo Kamili cha Chati katika Kompyuta

Fundi cherehani hakati kitambaa kwa kukisia. Hushika utepe wa kupimia. Lakini wengi wetu, tutengenezapo chati katika programu ya lahajedwali kama Excel, huishika pembe yake kwa kipanya na kuivuta mpaka ipendeze macho. Jambo hili laonekana dogo, kumbe laweza kumfanya msomaji aamini yasiyo kweli.

Tuchukue mfano wa mvua ya miji miwili. Chati zote mbili zina mizani ya kuanzia 0 hadi milimita 300, lakini nafasi ya mchoro katika chati ya kwanza ina kimo cha sentimita 6, na katika ya pili sentimita 9. Mwezi uliopata milimita 150 utakuwa na nguzo ya sentimita 3 katika ile ya kwanza, na ya sentimita 4.5 katika ile ya pili. Mvua ni ile ile, bali jicho litasema mji wa pili umenyeshewa zaidi. Mkulima atafutaye shamba atapotoshwa, wala hakuna aliyesema uongo.

Dawa yake ni kuandika vipimo kwa tarakimu. Bofya ukingo wa chati, na katika utepe wa juu patatokea neno "Format". Bofya hapo, kisha tazama upande wa kulia: mna visanduku viwili, cha juu ni cha kimo na cha chini ni cha upana. Andika, tuseme, 8 na 12. Kompyuta ikiwa hupima kwa inchi, gawanya sentimita kwa 2.54; 8 itakuwa 3.15, na 12 itakuwa 4.72. Ukiwa na chati nyingi, shikilia Ctrl huku ukizibofya moja moja, ndipo uandike vipimo. Zote zitalingana mara moja.

Hata hivyo, yako mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, chati kwa kawaida hufuata seli zilizo chini yake. Ukipanua safu, nayo hupanuka. Bofya alama ndogo iliyo pembeni mwa visanduku vile, ufungue sehemu ya sifa, na uchague chati isisogee wala isibadilike pamoja na seli.

Pili, hapo hapo pana kufuli ya uwiano. Ikiwa imetiwa alama, ukibadili kimo, upana nao hubadilika. Iondoe alama hiyo.

Tatu, vipimo ulivyoandika ni vya fremu ya nje. Maandishi marefu ya pembeni huubana mchoro ulio ndani. Basi hakikisha kwamba michoro yenyewe ina kimo kimoja, na mizani ina mwanzo na mwisho mmoja.

Nne, printa ikiamriwa kubana kazi yote katika ukurasa mmoja, chati hupungua. Chapa kwa asilimia 100, kisha pima karatasi kwa rula.

Haya yatufaa sisi katika Jiografia, na ninyi mlio maofisini katika taarifa zenu. Mwenye kulinganisha vitu viwili hana budi kuvipima kwa kipimo kimoja.