Gitaa Lenye Kifua cha Fidla

Ukijaaliwa kukaa karibu na mpiga fidla katika taarabu ya arusi, hebu mara moja acha kuutazama upinde wake unavyokwenda na kurudi, ukitazame chombo chenyewe. Kifua cha fidla si bapa. Kimebinuka katikati mithili ya mgongo wa kasa, na huku na huku kimetobolewa tundu mbili ndefu zilizopindika kama herufi f. Udi sivyo ulivyo. Udi kifua chake ni bapa, na kilichotuna ni mgongo. Na gitaa tulilolizoea, lile la tundu moja la duara, ni bapa mbele na nyuma.

Basi liko gitaa jingine ambalo halikufuata jamaa zake wala halikumfuata babu yao udi. Lenyewe lilikwenda kwa fidla likaazima kifua. Wamarekani, ambao ndio waliolizua, huliita achitopu. Wenye mapenzi nalo ni watu wa ajabu kidogo. Mtu yuko tayari kutoa fedha za kujengea nyumba ili apate moja la zamani, na akishalipata hulipakata kama anayempakata mwana aliyemkosa miaka mingi. Kuna nini ndani ya mbao hizo?

Mwanzo wake ni katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, alikokaa fundi aitwaye Orville Gibson. Mafundi wa zama zake walikuwa wakizipinda mbao kwa maji na moto. Gibson alishikilia kwamba ubao ukilazimishwa kupinda unapoteza sauti, afadhali uchongwe. Mwaka 1898 alipewa hataza ya mandolini aliyoichonga hivyo, na mwaka 1902 ikaundwa kampuni iliyochukua jina lake. Miaka ishirini baadaye, 1922, kampuni hiyo ilitoa gitaa la L-5, lililosimamiwa na Lloyd Loar, mtu aliyekuwa mpigaji kwanza kabla ya kuwa mtengenezaji. Hilo ndilo gitaa la kwanza lililobeba tundu za fidla na likawa mfano kwa mengine yote.

Kwa nini lilihitajika? Kwa sababu ya kelele. Bendi za jazi za Marekani zilikuwa zikikua, tarumbeta juu ya tarumbeta, na gitaa la kawaida katikati yao lilikuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Kazi ya kushika mapigo ilikuwa ya banjo. Achitopu ndilo lililoing'oa banjo katika kiti chake, na siri yake ni hii: katika gitaa bapa nyuzi zimefungwa juu ya kifua nazo hukivuta, katika achitopu nyuzi hupita juu ya kijibao kilichosimama tu bila gundi, zikaenda kufungwa mkiani. Kwa hiyo hazikivuti kifua, zinakikandamiza. Sauti yake huja upesi, kavu, yenye meno, kisha huondoka upesi kumpisha pigo linalofuata. Haielei hewani kama ya gitaa bapa. Anayetaka sauti ya kujiliwaza peke yake barazani huenda asiipende mara ya kwanza.

Aliyeijua sauti hiyo kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Freddie Green. Alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1911. Mwaka 1937 aliingia katika bendi ya Count Basie, na ukitoa kipindi kifupi karibu na mwaka 1950, hakutoka mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1987. Basie mwenyewe alikuwa ametangulia mwaka 1984. Miaka karibu hamsini, kazi moja: mapigo manne, mapigo manne, usiku kucha. Solo hakupiga ila kwa nadra sana. Nyuzi zake alizinyanyua juu hata mpigaji mwingine akijaribu kuzibonyeza vidole humuuma. Na mara nyingi hakuwa akilia nyuzi zote sita bali mbili tatu, pengine mmoja tu unaosikika sawasawa, nao ulitosha. Msikilizaji hakumsikia Green. Alisikia kwamba bendi nzima inatembea, wala hakujua ni nani aishikaye mkono.

Wenzake wamesimulia kisa kimoja. Mwaka 1939 kijana Charlie Christian aliingia katika kundi la Benny Goodman akiwa na achitopu la Gibson lililotiwa kinasa cha umeme, akaanza kupiga gitaa kama mtu anayepuliza saksafoni. Kila mpiga gitaa akatamani. Green naye, husema wenzake, akajipatia kipaza sauti, akawa anajinyoosha kwa solo. Bendi ikalegea. Basi wenzake wakawa wanakihujumu kipaza hicho kwa siri, leo waya umetoka, kesho kinagoma kuwaka, mpaka mwenyewe akachoka akarudi kwenye mbao tupu. Charlie Christian hakuishi. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25. Lakini mlango alioufungua haukufungwa tena.

Ndiyo ajabu ya chombo hiki. Kilichongwa ili kishindane na tarumbeta bila umeme, na umeme ulipokuja haja yake ikaisha. Kuanzia mwaka 1950 Fender alikuwa akiuza gitaa la ubao mmoja usio na uwazi ndani, rahisi, lisilohitaji fundi wa kuchonga. Kwa hesabu ya biashara achitopu lilipaswa kufa. Halikufa, kwa sababu wapo waliogundua kwamba hata likitiwa umeme, ule uwazi na ule mbinuko hubakia ndani ya sauti, ikawa nene na laini. Wes Montgomery wa Indianapolis, aliyefariki mwaka 1968, alipigia L-5 ya umeme kwa kidole gumba badala ya kipande cha kupigia. Inasemekana alianza hivyo kwa sababu alifanya mazoezi usiku baada ya kutoka kiwandani, na majirani wakinung'unika. Mkaazi wa Mji wa Kale, ambako ukipiga chafya jirani hukuombea rehema kutoka dirishani kwake, atamwelewa. Ila si kila anayewastahi jirani hupata sauti kama ile.

Tuje kwa mafundi. Jijini New York, mtaa wa Kenmare, John D'Angelico alifungua duka dogo mwaka 1932. Alikuwa ametiwa kazini tangu utotoni kwa ami ya mzazi wake aliyekuwa mtengenezaji wa fidla na mandolini. Hakuwa na kiwanda, alikuwa na meza. Huchukua ubao wa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio jamaa ya msonobari, mnene karibu inchi moja, akauchonga kwa patasi na randa ndogo ndogo mpaka ukabakia milimita chache, mnene katikati na mwembamba pembeni. Nyuma na ubavuni hutumika mepo, ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Fundi huugonga ubao kwa kidole akausikiliza, akapunguza kidogo, akausikiliza tena. Akipitisha patasi mara moja zaidi ya haki, kazi ya wiki imeharibika. Kwa mwendo huo D'Angelico, hadi kufa kwake mwaka 1964, alitia namba magitaa 1,164 tu. Mwanafunzi wake, James D'Aquisto, aliyeingia dukani kijana mwaka 1952, ndiye aliyeurithi ufundi huo, naye akafariki mwaka 1995. Ule ungeweza kuwa mwisho. Waundaji wa udi wanajua ninachosema: elimu ya namna hii haimo vitabuni, imo katika mkono wa mtu, na mtu huondoka.

Haukuwa mwisho, na shukrani kwa kiasi fulani ziwaendee matajiri. Katika miaka ya 1990 mkusanyaji mmoja wa New Jersey, Scott Chinery, alipendezwa na achitopu la buluu la D'Aquisto akawaagiza mafundi 22 kila mmoja amtengenezee lake, upana inchi 18, yote rangi ile ile. Yalionyeshwa Smithsonian, Washington. Mwaka 2011 makumbusho ya Metropolitan ya New York nayo yaliyaweka magitaa ya D'Angelico na D'Aquisto mbele ya watu. Siwalaumu, bila fedha zao mafundi wangekula nini? Lakini gitaa lililochongwa ili lisikike juu ya tarumbeta, kisha likafungiwa ndani ya kioo lisisikike kabisa, linanikera. Wapigaji wengi husema mbao huzidi kufunguka kadiri zinavyopigwa. Kweli au si kweli, hakuna aliyewahi kusema zinafunguka kwa kutazamwa.

Siku hizi ziko achitopu za bei nafuu kutoka China na Korea. Nyingi hazikuchongwa, ni mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja na kukandamizwa katika kalibu hadi zikabinuka. Si ubaya, na kwa mtu wa pwani zina faida, kwani unyevu wetu huzisumbua kidogo kuliko mbao nzima. Ila ujue unachonunua. Chungulia ukingo wa tundu la f: ukiona matabaka kama ya mkate wa kusukuma, hilo limekandamizwa, ukiona mshipa wa mti umepita moja kwa moja, limechongwa. Kisha mwambie mwenye duka azime umeme. Likumbatie mgongo wake uguse tumbo lako, upige pigo moja la nguvu katika nyuzi za kati. Kama ni zuri utalisikia tumboni kabla halijafika masikioni.