Kabla ya kuitunga mbegu hiyo nzuri, ijue kwanza

Mtoto wako amerudi kutoka shuleni akisema mwalimu anataka vifaa vya sanaa vinavyopatikana katika mazingira. Jumamosi mnatoka pamoja mkiokota majani makavu, mbegu na vizibo vya soda. Ni jambo jema. Kutembea ni mazoezi, na kazi ya mikono hutuliza akili iliyochoka. Mifano ya kuiga pia ipo tele: maganda makavu ya mgomba hubandikwa yakawa picha, na kandambili zinazotupwa na bahari ufuoni huko Kiunga, Lamu, huchongwa zikawa tembo na twiga.

Hata hivyo, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baadhi ya vitu hivi vina hatari ambayo jicho haliioni.

Chukua mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengi hupenda kuzitunga shanga. Ndani yake mna sumu kali iitwayo abrini. Mbegu ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huizuia sumu isitoke. Hatari huja mtoto anapoitafuna, au inapotobolewa ili ipitishwe uzi. Mbegu za mbarika nazo zina sumu inayofanana na hiyo, risini.

Dalili ni kutapika, kuumwa na tumbo na kuhara, pengine damu. Huweza kuchelewa kwa saa nyingi, kwa hivyo usizingoje. Mpeleke mtoto hospitalini mara moja pamoja na mbegu iliyobaki, ili daktari aione. Usimlazimishe kutapika, wala usidhani kwamba maziwa yatamaliza sumu.

Mmea mwingine ni mnyaa, unaopandwa kuwa ua. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vikali. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitalini.

Vitu vya jalalani navyo vina yao:

1. Usivunje betri kuukuu ya gari wala kuyeyusha risasi iliyomo. Vumbi na moshi wake hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo huenda yasirekebishike.

2. Usichome nyaya ili upate shaba. Moshi wa plastiki ni sumu.

3. Ukichomwa na msumari, osha kidonda kwa sabuni na maji, kisha uende kliniki kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kinacholeta ugonjwa huo si kutu, bali ni vijidudu vya udongoni vinavyoingia kidondani.

4. Nawa mikono kabla ya kula.

Sikwambii umzuie mtoto kuokota. Okoteni pamoja, na mmea msioujua jina muulizeni anayeujua kabla ya kuutia mfukoni. Majani makavu, vizibo na kandambili kuukuu vinatosha kutengeneza kazi nzuri.