Mlilana si mkoko: ukingoni mwa maji kila mti una mahali pake

Sisi watu wa pwani tuna neno moja tunalolitumia kwa mambo mengi. Tukisema mikoko, tunamaanisha msitu wote ulio baina ya nchi kavu na bahari. Lakini fundi wa mashua, mvuvi na mkataji boriti wanajua kwamba hapa Kenya msitu huo una miti ya aina tisa, na kila mmoja una jina lake. Kuna mkoko wenyewe, mkandaa, mui, mchu, mkomafi, msikundazi na mingineyo. Na kuna mlilana. Huo ndio nataka tuuzungumzie leo, kwa sababu ndio unaosimama mbele kabisa kuikabili bahari, na ndio tunaousahau tunapokwenda kupanda miti.

Mlilana hautambulikani kwa shida. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, lakini mlilana hutoa mizizi yake juu ya tope, minene chini na iliyochongoka juu, kama vigingi vilivyopigwa kinyume. Mizizi hiyo ndiyo pua yake. Tope la baharini halina hewa, basi mti hupumulia pale maji yanapokupwa. Ni myepesi mno, na ndiyo maana wavuvi wetu tangu zamani waliikata wakaifanya maboya ya nyavu. Mbao zake nazo mafundi walizitaka kwa mataruma ya mashua, kwa kuwa matawi yake hupinda yenyewe.

Maua yake hufunguka magharibi na kudumu usiku mmoja tu. Wageni wake ni popo na nondo wanaofuata utamu. Asubuhi nyuzi zake nyeupe zimeshaanguka majini. Kisha huja tunda la kijani la mviringo, limekaa juu ya kikombe chenye ncha kama nyota, na ndani yake mna mbegu ndogo ndogo nyingi. Ishike hiyo habari ya mbegu, tutairudia.

Kwa nini kila mti unakaa mahali pake? Jibu ni maji. Mlilana unastahimili kufunikwa na karibu kila maji yanayojaa, asubuhi na jioni, bamvua na maji mafu. Mkoko hukaa nyuma yake, mara nyingi kandokando ya mikondo. Mkandaa uko juu zaidi, na sehemu nyingine haupati maji ya chumvi ila wakati wa bamvua. Mchu una tabia ya peke yake: utaukuta mbele karibu na mlilana, na utaukuta tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Ulambe jani lake, utaonja chumvi ambayo mti umeitoa nje.

Sasa njoo kwenye siku za upandaji. Mimi nimehudhuria kadhaa, na nazifurahia, kwa kuwa watu hujitolea kwa moyo safi. Lakini tazama kinachopandwa. Karibu kila mara ni mkoko, na sababu yake inaeleweka. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, inaning'inia kama fimbo ndefu ya kijani. Ukishaiokota unaichomeka topeni na kazi imekwisha. Kikundi kimoja kinaweza kuchomeka maelfu kabla ya adhuhuri, kikapiga picha na kwenda zake.

Taabu inakuja pale fimbo hizo zinapochomekwa ukingoni kabisa, mahali palipokuwa pa mlilana, kwa kuwa ndipo palipo wazi. Hapo mche unafunikwa na maji muda mrefu kuliko uwezo wake. Mawimbi yanautikisa kabla haujashika, na viganda vigumu, kama vile vinavyoshika chini ya mashua, vinauvaa mpaka unainama. Baada ya kusi moja unakuta vijiti vikavu. Kisha watu husema tope hili halina baraka. Tope halina kosa lolote, ila mti ulioletwa si wake.

Mlilana unataka kazi zaidi. Tunda lazima liive, lioze, mbegu zitolewe, zioteshwe kwenye kitalu kinachofikiwa na maji ya bahari, miche ikuzwe kwenye vifuko ipate nguvu, ndipo ipelekwe ukingoni. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, na mfadhili anayetaka picha ya asubuhi moja hana subira nayo.

Nani anapata hasara? Safu ya mbele ikitoka, wimbi linaingia na nguvu zake zote. Mchanga unahama, unafukia mizizi ya miti ya nyuma, na mti ukizibwa pua unakufa. Tuliona jinsi kufukiwa kunavyoua katika hori ya Mwache, hapa Mombasa, baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Mto ulileta udongo mwingi, ukafunika mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya msitu ikakauka. Pale udongo ulitoka bara, lakini kifo ni kile kile. Na msitu ukikauka, kamba, kaa na samaki wachanga wanaojificha humo hawana pa kukulia. Mvuvi mwenye kidau kidogo, asiyeweza kwenda bahari kuu, ndiye wa kwanza kulala na njaa.

Gazi, kule Kwale, kuna mafunzo mawili. Katika miaka ya 1970 miti mingi ilikatwa huko kwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine hazikurudi zenyewe. Ilibidi watafiti na wanakijiji wakae pamoja, wapande, wapime, wapande tena. Kutokana na subira hiyo, mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao wenyeji wa Gazi na Makongeni wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao, na mapato yanaingia katika maji na shule. Fedha hizo zinatokana na mti uliosimama na kupimwa, haziji kwa mche uliochomekwa ukaachwa.

Mlilana una adui mwingine pia. Watafiti wamekuta katika hori za pwani yetu viwavi wa aina ya mende na aina ya nondo wanaotoboa matawi yake mpaka yanakauka kuanzia juu. Ukiona milalana imebaki vijiti vitupu kileleni huku chini bado ina majani, usidhani ni uzee. Piga ripoti kwa maafisa wa misitu au wa utafiti wa bahari. Na usikate bila idhini: misitu hii ni ya serikali kisheria tangu 1932, ijapokuwa sheria ya misitu ya 2016 inawapa wanakijiji nafasi ya kuunda chama na kushiriki kuisimamia. Nafasi hiyo tuitumie.

Ombi langu kwa vikundi vya vijana, shule na wafadhili ni dogo. Kabla ya kuchomeka mche wowote, mtafuteni mzee aliyevua katika hori hiyo, mumuulize: hapa ulikuwepo mti gani? Na kwa nini haukurudi wenyewe? Kama maji yamezibwa na barabara au bwawa la chumvi, fungueni maji kwanza, huenda bahari ikaleta mbegu bila gharama. Kama ulikuwa mlilana, andaeni kitalu cha mlilana. Halafu ripoti yenu isitaje miche mliyopanda siku ya kwanza tu. Rudini baada ya miaka miwili, mhesabu iliyo hai, na idadi hiyo ndiyo muisome mbele ya wanakijiji.