Je, Wajua? Mashine Hubana Matumizi, Soko Huyaongeza

Je, wajua kuwa mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza kwa nini mashine bora inaweza kumaliza mali ya ardhini haraka zaidi? Mfano wake ulikuwa Scotland. Matanuri mapya yaliyeyusha tani moja ya chuma kwa chini ya theluthi ya makaa ya mawe yaliyohitajika zamani. Chuma kikawa rahisi, wanunuzi wakafurika, viwanda vikaongezeka. Kati ya 1830 na 1863, makaa yaliyotumika yalipanda mara kumi.

Je, wajua kuwa mwaka 2024, huku paneli za sola zikiwa rahisi kuliko zamani, dunia ilitumia makaa ya mawe mengi kuliko mwaka wowote uliotangulia?

Lakini tusikate tamaa mapema. Uingereza, iliyofungua kituo cha umeme wa makaa ya mawe London mwaka 1882, ilizima kituo chake cha mwisho tarehe 30 Septemba 2024, na uchumi wake ni mkubwa kuliko wa 1990. Ila sehemu ya bidhaa inazotumia sasa hutengenezwa ng'ambo, na moshi wa kuzitengeneza huhesabiwa huko.

Je, wajua kuwa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya betri nyingi za magari ya umeme, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Katika mji wa Kolwezi, mkoani Lualaba, wachimbaji wadogo hushuka mashimoni na tochi kichwani, na kupandisha mawe kwa magunia. Gari halitoi moshi Oslo. Shimo linabaki Lualaba. Hesabu isiyoingiza shimo hilo haijakamilika.

Je, wajua ni wapi teknolojia ilifaulu kweli? Kwenye tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliziwekea gesi za friji na makopo ya kupulizia, zilizokuwa zikiharibu tabaka hilo, kikomo na tarehe za kuachwa. Viwanda vikalazimika kuleta gesi mbadala. Friji hazikuadimika, na ozoni inarejea. Kilichofanya kazi ni ubunifu uliowekewa mpaka.

Na plastiki je? Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana Nairobi kuandaa mkataba wake. Agosti 2025 wajumbe walikutana Geneva, wakavutana kuhusu kuwekea uzalishaji kikomo, wakaondoka bila makubaliano.