Kisu kisichopata: hakipati nini?

Makala ya leo imezaliwa kwenye meza ya puli. Juzi nilikuwa Kwale kwa shughuli za chuo, na jioni moja nikaketi katika banda la makuti pale Ukunda, kabla ya kufika Diani. Vijana walikuwa wakicheza. Pembeni, fundi mmoja wa makamo alikuwa akibadilisha ngozi kwenye ncha ya fimbo. (Ngozi hiyo si pambo. Ndiyo inayoshika chaki ili fimbo isiteleze kwenye mpira. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuieneza mwanzoni mwa karne ya 19.)

Ngozi mpya huwa pana kuliko ncha ya fimbo. Ikishagandishwa kwa gundi na kukauka, sharti ipunguzwe kandokando. Fundi alimwachia kazi hiyo mwanagenzi wake, kijana aliyetoka bara, naye akashika wembe wa kunyolea uliokwisha kutumika. Fundi akamtupia jicho.

"Mwanangu, wembe huo haupati."

"Haupati nini, mzee?" kijana akauliza, huku akiendelea kukata.

Ngozi ikavutika, ikabanduka upande mmoja. Wembe ukapinda ukamchanja kidole gumba. Si sana, lakini damu ilitoka.

Haupati nini? Haupati, basi. Katika Kiswahili cha pwani, kitenzi 'pata' kikitumiwa kwa kisu, panga, shoka au wembe humaanisha kuwa na makali. Kisu chapata, kisu hakipati, yaani ni butu, kimesenea. Kitenzi hicho hapo hakidai yambwa, hivyo swali la kijana halina jibu. Methali 'Kinolewacho hupata' imejengwa juu ya maana hiyohiyo. Asiyeijua huishia kuhubiri kuhusu mapato ya wenye bidii, na insha za namna hiyo nimezisoma nyingi.

Tena kunoa na kupata si kitu kimoja. Kunoa ni kazi, kupata ni hali. Waweza kukinoa kisu kutwa nzima na bado kisipate.

Fundi alituonyesha tofauti hiyo bila kuitaja. Wembe wa kunyolea haunolewi, alisema, ukisenea, tupa. Isitoshe, ni mwembamba mno kwa kazi hii. Yeye hutumia kisu kidogo chenye bapa gumu. Alilowesha kinoo kwa maji, akalilaza bapa karibu ligusane na jiwe, akanoa upande huu kisha ule, mpaka akahisi kijinywele cha chuma kimejikunja ukingoni. Hapo wengi huacha, wakidhani kazi imekwisha. Yeye akakipitisha kisu kinyumenyume juu ya mshipi wa ngozi hadi kijinywele kikatoka. Hakuyajaribu makali kwa kidole. Alikata ukingo wa gazeti, nao ukakatika bila kuchanika.

"Sasa chapata," akasema.

Akaigeuza fimbo kichwa chini, akaibana ngozi kwenye ubao, akawa anakata kuelekea chini, kidogo kidogo, huku akiizungusha fimbo. Akamalizia kwa msasa. Kijana alikuwa ameshafungwa kitambaa kidoleni, anatazama kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi.

Nami sina haki ya kumcheka. Nilipokuwa mhadhiri mchanga, mwanafunzi mmoja wa Msambweni aliandika katika insha yake kwamba mchinjaji aliahirisha kazi kwa sababu 'kisu hakikupata'. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pambizoni: 'Hakikupata nini?' Mimi Kiswahili nilikipata shuleni. Yeye neno hilo alilisikia jikoni kwao. Kamusi ilikuwa mezani pangu na maana hiyo imo ndani yake, lakini sikuifungua. Nikamnyima alama mbili. Hakubisha.