Miezi Kumi na Miwili Majini

Gatwekera, ndani ya Kibera, kazi haijulikani kwa cheti pekee. Anayetaka kushika usukani wa matatu huanza kwa kuiosha, kisha huita abiria, mpaka siku moja dereva amwachie aisogeze hatua chache stejini. Fundi wa kuchomelea humpa mwanafunzi brashi ya waya akwangue kutu majuma mengi kabla ya kumshikisha mashine. Hakuna anayeuona huo kuwa uonevu, kwani mkono hujifunza kwa kushika.

Wakazi wengi wa hapa kwao ni Nyanza, na wamekulia karibu na maji. Reli inayopita Kibera ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwisho wake wa pili ni Mombasa. Kijana akisema anataka kusomea ubaharia Mombasa, katika Bandari Maritime Academy, wazee hawashangai. Mchango huanza: chama cha akina mama hutoa fungu lake, kanisa hufanya harambee, jamaa wa ushago hutuma kwa M-Pesa. Karo ya mmoja huwa deni la heshima la wengi.

Lakini darasa haliwezi kumfanya mtu afisa wa meli. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, wa mwaka 1978, unamtaka kadeti wa deki aliye katika mafunzo yaliyoidhinishwa atimize angalau miezi 12 baharini, na kila kazi anayoifanya itiwe sahihi katika kitabu chake cha mafunzo. Angalau miezi 6 kati ya hiyo awe kwenye zamu, chini ya afisa mwenye sifa.

Hapo ndipo mila za bahari humpokea. Zamu hudumu saa nne: anayeanza usiku wa manane huamka tena kwa zamu ya adhuhuri, siku baada ya siku. Hukwangua kutu, hupaka rangi, hufunga kamba, hujifunza nani wa kuitwa bwana nahodha na nani wa kuulizwa kwa upole. Kwenye meli nyingi, anayevuka Ikweta kwa mara ya kwanza humwagiwa maji mbele ya baharia aliyevaa taji la mfalme wa bahari. Majahazi ya Lamu yalikuwa na utaratibu wao: mtoto alianza jikoni na kwenye kamba, akimsikiliza serahangi, mkuu wa mabaharia, na njia ya kuwa nahodha ilipita humo humo.

Meli ya mafunzo ilibuniwa kwa ajili hiyo. Hubeba makadeti wengi pamoja na walimu wao, na makosa ya mwanafunzi husahihishwa bila haraka ya mzigo. India ilikuwa na Dufferin, iliyotia nanga Bombay tangu 1927. Mwaka 2012 Afrika Kusini iliichukua SA Agulhas, iliyokuwa ikihudumia vituo vya Antaktika, ikaifanya meli ya makadeti. Lakini kijana wetu hutegemea nafasi kwenye meli za makampuni ya kigeni, na makampuni hayo huchukua wachache.

Asiyepata nafasi hurudi nyumbani. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakibeba mawe ya mjengo, vyeti vikiwa vimefungwa kwenye nailoni, na mama zao wakiulizwa kwenye chama meli inakuja lini. Swali hilo linaniuma. Watu hawa walitoa walichokuwa nacho, kijana naye akafaulu mitihani. Kilichopungua ni kitanda kimoja melini.

Dar es Salaam nako kuna chuo cha mabaharia, na makadeti wake wanahitaji miezi ile ile. Kenya na Tanzania zinaweza kugawana gharama ya meli moja, hata iliyotumika kama Agulhas, ikapita Mombasa, Tanga, Zanzibar na Mtwara, ikiwa na walimu kutoka vyuo vyote viwili, na kijana wa Gatwekera akashika zamu na mwenzake wa Temeke.